Si Theluji Wala Mwamba: Dhana Potofu Kuhusu Reli za Mijini Kanada

Mwaka 1994 wajenzi walianza kuchimba upande wa magharibi wa barabara ya Eglinton, jijini Toronto, ili treni ya chini ya ardhi ipite. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo la Ontario ilibadilika, na shimo lile likafukiwa. Barabara hiyohiyo ilianza kuchimbwa upya mwaka 2011 kwa mradi mwingine, wa treni nyepesi, yaani treni ndogo za umeme zinazoweza kupita juu ya barabara au chini yake, uliotarajiwa kubeba abiria mwaka 2020. Hata mwaka 2025 ulipokwisha hakuna abiria aliyekuwa amepanda. Nimeanza na barabara hii kwa sababu karibu kila dhana potofu kuhusu reli za mijini Kanada inaweza kupimwa hapo, na kwa sababu wengi wanaoulizwa sababu ya kusubiri huko hutaja baridi, hutaja mwamba, hutaja ukubwa wa nchi, lakini ni nadra mtu kulitaja shimo lililofukiwa.

Dhana: "Kanada ni nchi kubwa yenye watu wachache, kwa hiyo treni za mijini hazina abiria wa kutosha."

Ukubwa wa nchi hausemi lolote kuhusu msongamano wa mji. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao milioni 37 Kanada nzima, na katika hao Toronto na viunga vyake ilikuwa na takribani milioni 6.2, Montréal milioni 4.3 na Vancouver milioni 2.6. Maeneo matatu tu yamebeba zaidi ya theluthi moja ya taifa. Toronto ilifungua treni yake ya chini ya ardhi mwaka 1954, ya kwanza nchini humo, na Montréal ikafuata mwaka 1966. Huko Vancouver, mabasi ya njia ya 99 B-Line katika barabara ya Broadway yalizoeleka kuwapita watu vituoni kwa sababu yamejaa, na ndiyo maana sasa inajengwa reli ya kilomita 5.7 yenye vituo sita chini ya barabara hiyo.

Dhana: "Theluji na baridi kali haziruhusu treni kufanya kazi."

Edmonton, mji ambao joto lake hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, ulifungua treni nyepesi mwezi Aprili 1978, kabla ya kuandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka huohuo, wakati idadi ya wakazi wake ikiwa chini sana ya milioni moja. Calgary ilifungua yake mwaka 1981. Treni hizo hupita juu ya ardhi kwa sehemu kubwa ya safari, na zimevuka zaidi ya majira arobaini ya baridi. Montréal ilichagua njia tofauti: mabehewa ya metro yake yana magurudumu ya mpira, hivyo njia zote zikawekwa chini ya ardhi mahali ambapo theluji haifiki.

Hata hivyo, itakuwa si haki kusema kwamba baridi haina lawama kabisa. Jijini Ottawa makutano ya reli yaliganda, na mwezi Januari 2023 mvua ya barafu ilizifunika nyaya za umeme na kuzisimamisha treni kwa siku kadhaa. Mfumo mpya wa treni wa Montréal, uitwao REM, nao ulikwama mara nyingi katika majira yake ya kwanza ya baridi. Lakini baridi ya Kanada haimshtukizi mtu yeyote. Mji unaponunua treni bila kuhakikisha imeandaliwa kwa barafu inayokuja kila mwaka, kosa limefanyika kwenye meza ya usanifu na ya mkataba, miezi mingi kabla theluji haijaanguka.

Dhana: "Miradi huchelewa kwa sababu kuchimba chini ya mji ni kazi ngumu."

Ni kazi ngumu, naam. Lakini turudi Eglinton. Mashine za kuchimba handaki zilimaliza sehemu yake miaka kadhaa kabla ya tarehe ya kwanza iliyoahidiwa. Kilichobaki ndicho kilichokula muda: kujenga kituo chini ya kituo kingine cha treni ambacho kilipaswa kuendelea kuhudumia abiria, kurekebisha reli ambazo ilibainika baadaye kuwa zimelazwa nje ya vipimo, kuunganisha mfumo wa ishara na programu za kompyuta, na mivutano kati ya wakala wa jimbo, Metrolinx, na muungano wa wakandarasi, mivutano iliyofika hadi mahakamani.

Nyuma ya hayo yote kuna historia ya kuanza na kuacha. Serikali ya Mike Harris iliyoingia madarakani mwaka 1995 ndiyo iliyoamuru shimo la kwanza lifukiwe, kwa hoja ya kubana matumizi. Mwaka 2007 meya David Miller alitangaza mpango wa njia saba za treni nyepesi zenye urefu wa jumla wa kilomita 120 hivi, ulioitwa Transit City. Desemba 2010 meya mpya, Rob Ford, alitangaza siku yake ya kwanza kazini kwamba mpango huo umekwisha, kwa kuwa yeye alitaka treni zipite chini ya ardhi tu. Mwaka 2012 baraza la jiji lilimpinga na kurudisha sehemu ya mpango. Katika zile njia saba, ya Finch West ilifunguliwa Desemba 2025, miaka kumi na minane baada ya kutangazwa, na Eglinton ndiyo nyingine iliyofikia kujengwa.

Kila mabadiliko ya namna hii yana gharama ambayo haionekani kwenye bango la mradi. Michoro hutupwa, zabuni hufutwa, fidia hulipwa, na mhandisi aliyejifunza mengi katika mradi mmoja huondoka kwa sababu hakuna mradi wa pili unaomsubiri. Mji unaojenga kwa mfululizo huitunza timu yake, ilhali mji unaojenga na kusimama hulipa ada ya kujifunza upya kila mara. Laini ya Ontario, njia mpya ya treni jijini Toronto ya kilomita 15.6 na vituo 15, ilitangazwa mwaka 2019 kwa makadirio ya dola bilioni 10.9 za Kanada, na makadirio hayo yamepanda hadi takribani bilioni 27. Zipo sababu nyingi za kupanda huko, zikiwemo mfumuko wa bei na ugumu wa kupita katikati ya jiji. Hata hivyo, njia ya kuupunguzia mzigo mstari mkuu wa Toronto ilikuwa imejadiliwa kwa miongo kadhaa, na kila muongo uliopita bila ujenzi uliifanya kuwa ghali zaidi.

Dhana: "Treni ya chini ya ardhi ndiyo treni ya kweli, nyingine ni za kuwapooza watu."

Dhana hii ina nguvu sana Scarborough, mashariki mwa Toronto, na ninaielewa, kwa sababu imetokana na watu waliochoka kuhudumiwa mwisho. Tangu mwaka 1985 walikuwa na treni ndogo ya juu iliyozidi kuchakaa. Mpango ulikuwa kuibadilisha kwa treni nyepesi yenye vituo saba, tena kwa fedha za jimbo. Mwaka 2013 baraza la jiji liliamua ijengwe treni ya chini ya ardhi yenye vituo vitatu. Mwaka 2016 gharama zilipopanda vituo vikapunguzwa hadi kimoja, na mwaka 2019 serikali ya jimbo ikavirudisha vitatu, katika njia ya kilomita 7.8 inayojengwa sasa.

Wakati mjadala ukiendelea, treni ya zamani haikungoja. Julai 2023 behewa lake la mwisho lilikatika na kuacha reli, watu wakaumia, na huduma ikafungwa moja kwa moja, miezi michache kabla ya tarehe iliyopangwa. Tangu hapo abiria hao wamekuwa wakipanda mabasi. Kina cha handaki hakiongezi thamani ya safari. Kinachompa abiria thamani ni umbali wa kutembea hadi kituoni, muda wa kungoja treni, na uhakika kwamba itakuja. Kwa watu waliodai heshima, vituo saba vilivyofunguliwa mapema vingekuwa heshima kubwa zaidi kuliko vitatu vinavyoendelea kuahidiwa.

Dhana: "Mradi ukijengwa kwa ubia na kampuni binafsi, hasara haimgusi mwananchi."

Ottawa ndiyo somo chungu kuliko yote. Mji huo ulikuwa na barabara maalumu za mabasi tangu mwaka 1983, mfumo ambao msomaji wa Dar es Salaam angeuita mwendokasi, na ulifanya kazi vizuri hadi mabasi yalipoanza kupangana katikati ya jiji. Ndipo ikajengwa Laini ya Confederation, kilomita 12.5 na vituo 13, kwa mkataba wa bei isiyobadilika ya dola bilioni 2.1, ambao uliwapa wakandarasi jukumu la kusanifu, kujenga na kutunza. Katika karatasi hatari zote zilikuwa zimehamishwa. Mwezi Juni 2016 barabara ya Rideau ilibomoka na kutumbukia karibu na handaki. Ufunguzi uliosogezwa mbele zaidi ya mwaka mmoja ulifanyika Septemba 2019, na ndani ya wiki chache mlango mmoja ulioshindwa kufunga ulitosha kuisimamisha njia nzima. Agosti 2021 treni iliacha reli. Septemba ikaacha tena, safari hii kwa sababu boliti hazikukazwa ipasavyo wakati wa matengenezo, na huduma ikafungwa kwa karibu miezi miwili.

Tume ya uchunguzi ya umma chini ya Jaji William Hourigan ilitoa ripoti yake Novemba 2022. Ilionyesha kwamba vigezo vya majaribio ya mwisho vililegezwa na madiwani hawakuelezwa, na kwamba mfumo ulipokewa ukiwa haujawa tayari. Hapo ndipo udanganyifu wa dhana hii unapoonekana. Mkataba unaweza kuhamisha faini na gharama za ukarabati. Hauwezi kumhamishia mkandarasi asubuhi ya mfanyakazi aliyekwama kituoni, wala lawama za mji uliopokea treni kabla ya wakati.

Sisemi kwamba ubia hushindwa daima. Laini ya Canada jijini Vancouver ilijengwa hivyo na kufunguliwa Agosti 2009, mapema kuliko ilivyopangwa, kabla ya Olimpiki ya 2010. Lakini unafuu wake ulilipiwa kwa namna nyingine: wafanyabiashara wa mtaa wa Cambie walipata hasara ya kuwa mbele ya mtaro wazi na wakaenda mahakamani, na majukwaa ya vituo yakafupishwa hadi mita 40 na 50, kiasi kwamba kuongeza mabehewa hakuwezi kupita kikomo hicho. Montréal nayo ina REM, mtandao wa kilomita 67 na vituo 26 unaojengwa na mfuko unaotunza akiba za pensheni za watu wa Quebec. Mfuko huo hulipwa kwa kila kilomita anayosafiri abiria, kwa hiyo fedha za umma bado zimo. Uliokoa gharama kwa kutumia daraja jipya la Champlain na handaki la mwaka 1918 chini ya mlima Mont-Royal, ambamo mwaka 2020 baruti iliyobaki tangu enzi za wachimbaji wa kwanza ililipuka. Na ili kulibadilisha handaki hilo, treni ya zamani ya Deux-Montagnes ilifungwa mwisho wa mwaka 2020. Abiria wake walingoja hadi Novemba 2025.

Dhana: "Treni zisizo na dereva ni majaribio ya hatari."

SkyTrain ya Vancouver imeendeshwa bila dereva tangu ilipozinduliwa Desemba 1985. Majaribio ya miaka arobaini hayaitwi majaribio tena. Faida yake kwa abiria ni kwamba treni fupi zinaweza kupita mara nyingi, hata usiku, bila kila moja kuhitaji dereva wake.

Dhana: "Wananchi wenyewe walipiga kura wakazikataa treni."

Mwaka 2015 wakazi wa eneo la Vancouver waliulizwa kama wanakubali nyongeza ya nusu asilimia kwenye kodi ya mauzo ili kugharimia mpango wa usafiri, na karibu asilimia 62 walikataa. Swali lilikuwa la kodi, na kwa wengi lilikuwa pia swali la kumwamini au kutomwamini atakayezitumia fedha hizo. Mwaka uliofuata Evergreen, kipande kipya cha reli ya SkyTrain, kilifunguliwa kikapokewa kwa furaha, na reli ya Broadway ikaanza kujengwa kwa fedha kutoka vyanzo vingine. Hiyo ya Broadway ilikuwa ifunguliwe mwaka 2025. Sasa inatarajiwa mwaka 2027.

Nako Surrey, mji wa jirani, treni nyepesi ya kati ya Newton na Guildford ilikuwa tayari imepangiwa fedha ilipofutwa na baraza jipya baada ya uchaguzi wa Oktoba 2018. Badala yake inajengwa SkyTrain ya kilomita 16 na vituo vinane kuelekea Langley, inayotarajiwa mwaka 2029. Itawafaa wengi. Lakini njia yake haifuati ile iliyofutwa, na wakazi wa Newton, waliokuwa wameshaonyeshwa ramani ya vituo vyao, wameendelea kupanda basi.