Pensheni ya mtumishi bendera inapobadilika: mfano wa Hong Kong

Aliyeajiriwa serikalini Hong Kong mwaka 1985 alijua tarehe ya mwisho ya mwajiri wake: Juni 30, 1997, siku Uingereza ingeikabidhi Hong Kong kwa China. Pensheni aliyoahidiwa angeanza kuipokea baada ya hapo, kutoka kwa serikali nyingine.

Na mfuko haukuwepo. Kama makoloni mengi ya Uingereza, Hong Kong ililipa wastaafu kwa mapato ya mwaka husika. Kikokotoo cha mpango mpya wa Julai 1987 kilitoa sehemu 1 ya 675 ya mshahara kwa kila mwezi wa utumishi. Miezi 360 kwa mshahara wa dola 30,000 za Hong Kong inaleta pensheni ya dola 16,000 kwa mwezi, na hadi nusu yake iliweza kuchukuliwa kwa mkupuo. Zidisha hiyo kwa watumishi wote na miaka watakayoishi, ndipo uzito wa deni unapoonekana.

Kinga ya kwanza ilikuwa ya kisheria. Tamko la Pamoja la Uingereza na China la 1984, kisha kifungu cha 102 cha Sheria ya Msingi ya 1990, yaani katiba ndogo ya Hong Kong chini ya China, viliibana serikali mpya iwalipe hata waliostaafu kabla ya Julai 1, 1997, kwa masharti yasiyopungua ya awali, bila kujali uraia wala makazi yao.

Sheria peke yake hailipi mtu. Januari 1995 ukaanzishwa mfuko wa akiba ya pensheni kwa dola bilioni 7. Hapa wengi huchanganya: mfuko huo haukuwa wa kulipa pensheni za kila mwezi. Uliwekwa kwa siku ambayo hazina itashindwa kulipa. Kufidia deni lote kungedai fedha nyingi mno kutoka huduma nyingine, na bado rundo hilo lingekabidhiwa serikali ileile inayotiliwa shaka.

Hatari inayosahaulika zaidi ni sarafu. Tangu Oktoba 1983 dola ya Hong Kong ilifungwa kwenye 7.80 kwa dola ya Marekani. Kama fungo hilo lingekatika na dola ya Hong Kong kushuka thamani, mstaafu anayeishi London angelipwa kila senti ya haki yake na bado ashindwe kulipa kodi ya nyumba. Ndiyo maana Uingereza ilitunga sheria mwaka 1996 kuwalinda maafisa wa utumishi wake wa ng'ambo. Watumishi wengi wenyeji haikuwagusa. Afrika Mashariki tuliyaona hayo mapema: sheria ya Uingereza ya 1973 iliiwezesha kubeba pensheni za maafisa wake waliotumikia Tanganyika, Kenya na Uganda, ilhali karani mwenyeji alibaki akitegemea hazina ya nchi yake.

Walioajiriwa Hong Kong kwa masharti mapya tangu Juni 1, 2000 wako kwenye mfuko wa michango. Wa zamani wanaendelea kulipwa kwa mapato ya mwaka.