Mgeuze mgonjwa ubavu

"Mama, umekula chochote leo?"

"Hapana, daktari. Chai ya maziwa tu na nusu chapati."

Basi, kipimo cha ultrasaundi kimeshaharibika. Mafuta yakifika kwenye utumbo, mfuko wa nyongo hujikamua, hunywea, na kuta zake zikijikunja huonekana nene hata kama ni nzima. Nikamwambia arudi kesho asubuhi, asile kitu tangu usiku. Alinuna, na simlaumu. Nauli inauma.

Kesho yake mfuko ulikuwa umejaa vizuri. Ndani yake jiwe: jeupe, na nyuma yake kivuli cheusi tii. Hapo ndipo wengi wetu huishia. Tunaandika "mawe", tunaita anayefuata. Kumbe saratani ya mfuko wa nyongo mara nyingi hukaa nyumba moja na mawe, na kivuli cha jiwe huficha kilicho nyuma yake. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika mawe tu; daktari wa upasuaji ndiye aliyekuja kunionyesha nilichokiruka, kwenye ukuta unaogusana na ini. Tangu siku hiyo simwachii mgonjwa ashuke kitandani kabla sijamlaza ubavu wa kushoto.

Akigeuka, jiwe huporomoka. Tope la nyongo hufuata taratibu, kama uji mzito. Uvimbe ulioota ukutani haubanduki, na kwa kawaida hautupi kivuli. Nawasha Dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha damu ikitembea: nikiona damu inapita ndani yake, hilo si tope. Nisipoiona, bado siapi.

Ukuta wa mfuko uliojaa hauzidi milimita 3. Ukizidi, usikimbilie saratani. Sirosisi, yaani makovu ya ini, na moyo ulioshindwa kazi huuvimbisha pia, ila huuvimbisha kuzunguka kote. Mimi huogopa unene wa upande mmoja, wenye mabonde na vilima, na zaidi ya hapo mahali ambapo mpaka wa mfuko na ini umefutika. Upande ule mfuko hauna utando wa nje, kwa hiyo saratani haina ukuta wa kuvuka. Polipu, yaani kinyama kilichoota ukutani, ikifika milimita 10, namwelekeza mgonjwa kwa daktari wa upasuaji.

Nikishuku, ultrasaundi haitoshi. Picha za CT zenye dawa ya mshipani huonyesha ini limevamiwa kiasi gani, na tezi za limfu na mishipa mikubwa ya damu ikoje. Kwa aliyegeuka manjano macho, MRI huchora mirija ya nyongo ilipoziba. Hata hivyo, kuna uvimbe sugu wa mfuko huu unaofanana na saratani kiasi cha kutudanganya sote, mpaka maabara wakate kinyama. Wala usiharakishe kuchoma sindano ya kutoa hicho kinyama pale ambapo upasuaji bado unawezekana: seli za saratani zinaweza kumwagika njiani.

Yule mama alipogeuka, jiwe liliteremka. Ukuta uliokuwa nyuma yake ulikuwa laini, milimita 2. Akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kunywa chai.