WRX na masika ya Kigoma: gari la nani hasa?

Mvua zikikaribia, kuanzia Oktoba hivi, gereji yangu hapa Kigoma hupokea swali moja kwa sura nyingi: "Fundi, nimeona Subaru Impreza WRX inauzwa Dar, foo-wili, ina turbo, bei si mbaya. Itanivusha masika?" Anayeuliza anaweza kuwa kijana aliyekua anashabikia mbio za magari. Anaweza pia kuwa mwalimu anayekaa Mwandiga na kufundisha mjini, aliyechoka kusukumiwa gari na wanafunzi wake kwenye tope. Wote wawili wanaliangalia gari hilohilo, ila shida zao ni tofauti kabisa. Kwa kifupi, kijana namwambia achukue, mradi anazijua gharama zake. Mwalimu namwambia aliache. Nitaeleza kwa nini, maana kazi yangu ya kila siku ni difu, gia boksi na propela, na huko ndiko watu wanakodanganyika zaidi.

Foo-wili ya Subaru, yaani injini kusukuma magurudumu yote manne, haikuanza kama mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japan, ilihitaji gari la kupeleka mafundi wake milimani wakati wa theluji, lenye starehe zaidi kuliko jipu. Jaribio hilo ndilo lililozaa Leone ya foo-wili mwaka 1972. Miaka 20 baadaye, 1992, ikatoka Impreza, na ndani ya familia hiyo WRX: wazo lilelile la kusukuma magurudumu manne, safari hii na injini ya lita 2 yenye turbo, shabaha ikiwa ni mbio. Subaru ikatwaa ubingwa wa dunia wa rally wa watengenezaji 1995, 1996 na 1997, na huo mwaka wa 1997 dereva Mskoti Colin McRae akashinda Safari Rally hapo Kenya akiwa na Impreza. Kwa hiyo gari hili lina wenyewe wa aina mbili tangu kuzaliwa. Huko Marekani, kwenye majimbo ya theluji kama Vermont na Colorado, wapo wanaoendea nalo kazini Januari nzima, na wapo wanaolitoa wikiendi tu kwenda kulikimbiza.

Sasa tuangalie foo-wili inafanya nini hasa. Chukua mlima wa udongo mwekundu uliolowa. Mshiko wa tairi kwenye udongo wa namna hiyo tuuweke 0.3, yaani tairi linaweza kusukuma kwa nguvu isiyozidi asilimia 30 ya uzito uliolikalia. Gari la kusukuma mbele tu, kama IST au Premio ya kawaida, lina karibu asilimia 60 ya uzito wake juu ya magurudumu ya mbele, na likianza kupanda, uzito unarudi nyuma. Ukipiga hesabu, gari hilo linaishia kwenye mlima unaopanda mita 17 hivi kwa kila mita 100. Gari la foo-wili linatumia uzito wake wote, kwa hiyo linafika karibu mita 30. Hiyo ndiyo faida yenyewe, na si ndogo. Ukiishi juu ya kilima ambacho njia yake haijawahi kuonja lami, utaiona kila asubuhi.

Ila hata hizo WRX hazigawi nguvu kwa namna moja. Za gia za mkono zina difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, yenye kifaa cha majimaji mazito kinachoshika pale mbele na nyuma zinapozunguka kwa kasi tofauti, na kwa kawaida mgawo ni nusu kwa nusu. Za oto zina mfumo unaoitwa VTD, unaopeleka asilimia 45 mbele na 55 nyuma. STI nyingi, ndugu yake aliye mkali zaidi, zina difu ambayo dereva mwenyewe anaweza kuikaza kwa kitufe. Impreza ya kawaida ya oto, ile isiyo na makuu, hutumia klachi ndani ya gia boksi na hupeleka nguvu zaidi mbele, kama 60 kwa 40. Mpenzi wa kuendesha atasema tofauti hizo ndizo utamu wenyewe: gari linalosukuma zaidi nyuma hukata kona vizuri. Mwalimu anayepanda kilima saa kumi na mbili na nusu asubuhi, haoni tofauti yoyote. Mfumo dhaifu kuliko yote humo unampandisha vilevile.

Kusimama ni habari nyingine. Magari yote ya siku hizi hufunga breki kwenye magurudumu manne, hata IST. Ukiwa kilometa 60 kwa saa kwenye lami kavu, kwa hesabu za fizikia unahitaji kama mita 20 kusimama. Kwenye tope la mshiko wa 0.3 unahitaji karibu mita 47. Kwenye barafu yenyewe, mshiko wa 0.1, ni zaidi ya mita 140. Hapo sijaweka sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake inakula karibu mita 17. Foo-wili haipunguzi hata mita moja kati ya hizo. Kibaya zaidi, inakuficha utelezi: gari la kusukuma mbele lingeanza kuzungusha tairi ukiwa bado unaondoka, ukajua mapema kwamba njia ni mbaya. WRX inaondoka kama vile hakuna kitu, kisha unakuja kugundua kwenye kona ya kwanza, ukiwa na mwendo ambao IST isingeweza hata kuufikia.

Wenzetu wa nchi za theluji wanalijua hilo, ndiyo maana kabla ya majira ya baridi wanabadilisha matairi. Mpira wa tairi la kawaida huwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. La baridi linabaki laini, na limechanwa mikato mingi myembamba ya kuuma theluji. Mtu wa Colorado mwenye gari la kusukuma mbele na matairi sahihi anasimama mapema kuliko jirani yake mwenye WRX ya matairi ya kiangazi. Sisi tunayapata matairi hayohayo ya baridi kwa njia ya ajabu: yanakuja yamevaliwa na magari ya mtumba kutoka Japan. Angalia ubavuni mwa tairi. Ukikuta neno STUDLESS, hilo ni la theluji. Watu hulifurahia kwa sababu meno yake yanaonekana mazito. Kwenye joto la Kigoma linalainika, linalika haraka, na ukifunga breki kwenye lami gari linayumba kama limelewa. Tope nalo hujaza ile mikato myembamba, likabaki tairi kipara. Tope linataka meno mapana yenye nafasi, yanayojisafisha yenyewe yakizunguka.

Kuna na suala la uvungu, yaani nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Theluji ya barabara za mjini huondolewa na magreda, na iliyobaki ni laini. Tope letu lina chini yake mawe, na makorongo ambayo maji yameyachimba katikati ya njia usiku. WRX ina uvungu wa kama sentimita 15. Subaru Forester ya kuanzia 2013 ina 22. Sentimita saba hizo ndizo zinazoamua nani atalala njiani, kuliko difu zote nilizoeleza hapo juu. Na injini ya boksa, kwa kuwa silinda zake zimelala, inakaa chini: bomba za eksozi zinapita chini ya injini, na sampu, bakuli la oili, iko hapohapo. Nimeshafungua sampu za Subaru zilizobonyea hadi karibu na mdomo wa kunyonyea oili. Mtu ataniambia, "Mbona McRae alipita?" Gari la McRae lilinyanyuliwa, likafungwa kinga za chuma chini na bomba la kuvutia hewa kwa juu ili livuke maji, na kila kituo lilikuwa na mafundi wanaolisubiri. Na lile la dukani?

Nisilionee, kuna mahali ambapo gari hili ni tamu. Lami ya Kigoma kwenda Kasulu, au ile inayopanda milima kwenda Manyovu, mvua inanyesha kwa utulivu, kona baada ya kona, nyuma ya lori lililobeba mihogo: WRX inashika njia kwa namna ambayo gari nyingi za bei yake haziwezi. Unapita lori haraka, unarudi upande wako, gari limetulia. Kwa mtu ambaye maisha yake yako kwenye lami na moyo wake uko kwenye usukani, sina cha kumkataza. Ukishaacha lami, tuseme njia ya Simbo kwenda Ilagala na kuendelea kusini, hadithi inaisha.

Gharama inayowaumiza wengi ni matairi. Subaru inataka mzunguko wa matairi manne usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi, ambayo kwenye kina cha meno ni kama milimita 1 tu. Maana yake likipasuka moja, huwezi kwenda kununua la mtumba la saizi hiyo ukafunga ukaendelea na safari. Tairi kubwa na tairi dogo yanazunguka kwa kasi tofauti, difu ya katikati inafanya kazi ya kusawazisha saa zote bila kupumzika, inapata joto, na mwisho inakaza au inaungua. Difu hiyo hapa Kigoma haipo dukani. Inaagizwa Kariakoo, inakuja kwa basi, na huna uhakika ilitolewa kwenye gari lililopata ajali gani. Impreza nyingi za zamani za oto za kawaida zina kitundu cha fyuzi kwenye boneti kilichoandikwa FWD: ukichomeka fyuzi humo, gari linasukuma mbele tu, na unaweza kufika nyumbani na tairi la akiba bila kuumiza kitu. WRX ya gia za mkono haina mlango huo wa dharura. Wala ya VTD.

Injini yake nayo si ya mtu mwenye haraka. Turbo inapoozwa na kulainishwa na oili, na EJ20, ndiyo hiyo injini ya lita 2, ikiishiwa oili, beringi za konrodi ndizo zinazotangulia kufa. Mimi huwaambia wateja wachungulie kijiti cha oili kila wakijaza mafuta, na wabadilishe kwa kilometa 5,000 bila kubishana. Mkanda wa taimingi ni kilometa 100,000, na ukikatika vali na pistoni vinagongana. Petroli pia: Japan magari haya hunyweshwa petroli ya daraja la juu, oktani ikikaribia 100. Kwenye pampu zetu huchagui, kwa hiyo usimruhusu mtu akuongezee presha ya turbo kwa ahadi ya "kuiamsha". Ulaji ni kama lita moja kwa kilometa 8 au 9 ukiwa mpole. Sijamwona mwenye WRX aliye mpole.

Na kwa kuwa foo-wili ya Subaru ilizaliwa kwa ajili ya theluji, mara nyingi gari lenyewe limetoka kwenye theluji. Barabara za kaskazini mwa Japan humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula chini ya gari: mabomba ya breki, vikombe vya springi, mikono ya nyuma. Juu rangi inang'aa. Kwenye karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japan tafuta herufi S, ambayo ni kutu, na C, ambayo ni kutu iliyokwisha kula chuma. Zikiwa nyingi, punguzo la bei halitakusaidia kitu.

Mwalimu wangu wa Mwandiga, basi, nampeleka kwenye Forester isiyo na turbo, au Impreza ya kawaida ya lita 1.5 yenye foo-wili. Bajeti ikigoma, hata Premio ya kusukuma mbele yenye matairi manne mapya ya meno mapana na kinga ya chuma chini ya injini itamfikisha kazini siku nyingi za masika kuliko WRX yenye vipara. Mkoa huu unaendeshwa na Probox, na wengi wa madereva hao hawajawahi kuuliza difu ya katikati ni kitu gani.

Kijana, wewe ukienda kukagua WRX yako Dar, usianze kwa kukanyaga mafuta. Liendeshe kwanza hadi lipate joto, kisha tafuta uwanja wa lami, kata usukani hadi mwisho, acha gari litambae kwa gia ya kwanza na kuzunguka duara. Linatakiwa lizunguke kwa wepesi. Likishikashika, likiruka-ruka au kutaka kusimama kana kwamba kuna mtu amevuta hendibreki, difu ya katikati imekaza. Pima pia kina cha meno ya matairi yote manne, ukiyakuta yametofautiana utajua nani aliiua. Kisha ulale chini na tochi, uangalie mabomba ya breki yanayokwenda nyuma.