Rabai: waumini walitoka wapi?

Mtajie Rabai, mahali karibu na Mombasa, mtu aliyesoma historia katika shule za Kenya, naye atakutajia wamishonari Krapf na Rebmann. Mimi huandika historia za makanisa madogo ya Pwani, na swali ninaloanza nalo ni jingine: waliokaa kumsikiliza mhubiri walikuwa kina nani?

Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikuwa Wajerumani wa Kilutheri waliotumwa na chama cha Kianglikana cha Uingereza, Church Missionary Society. Mwaka 1844 Krapf alikuwa amewazika mkewe Rosine na binti yao mchanga ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mwaka 1846 wazee wa Rabai waliwaruhusu Krapf na Rebmann kujenga karibu na kaya, yaani kijiji cha asili cha wenyeji chenye boma msituni. Watu walikuja, wakasikiliza, wakauliza maswali, wakarudi makwao. Sioni ajabu. Kaya ilikuwa na wazee wake, matambiko yake na mazishi yake, na kubatizwa kulikuwa kujitenga na hayo yote, hata kaburini. Wa kwanza kubatizwa, mwaka 1851, aliitwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, naye alibatizwa akiwa mahututi. Baadaye akaja Abe Gunja na wengine wachache. Rebmann alikaa hadi 1875, karibu miaka 30, akaondoka akiwa amepofuka, na nyuma yake akaacha kusanyiko dogo mno.

Kusanyiko lilianza kupata sura mwaka 1864, walipofika vijana wa Kiafrika kutoka India, miongoni mwao William Jones, Ishmael Semler na George David. Walikuwa wametekwa utotoni wakauzwa utumwani, manowari za Kiingereza zikawaokoa baharini, wakalelewa na kusomeshwa katika kituo cha misheni karibu na mji wa Nasik. Hawakuwa na kaya Rabai, wala ukoo wa kuwazuia. Kanisa ndilo lililokuwa jamaa yao. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwaweka Jones na Semler kuwa mashemasi. Mwaka huohuo Jones alifuatana naye katika safari ya kwenda Uganda, na Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba, Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliosalia hadi Rabai. Nasikitika kila ninaposoma masimulizi yanayomtaja kwa sentensi moja, kana kwamba alikuwa mbeba mizigo wa askofu.

Kundi lililoijaza Rabai ni watoro. Kwenye mashamba ya Pwani watumwa walilima mtama na minazi ya matajiri, na waliothubutu kutoroka walikimbilia porini au kwenye misheni. Wamishonari walibanwa. Mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar, aliyetawala Pwani, ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali. Kwa sheria hiyo, kumhifadhi mtoro kulikuwa kuchukua mali ya mtu. Wakuu wa misheni walitoa amri za kuwakataa, ila Rabai watoro waliendelea kuingia. Walijenga vibanda, wakalima, wakaja ibadani. Naamini asiyezingatia jambo hili hawezi kueleza kwa nini kanisa lililokuwa na waumini wa kuhesabika lilihitaji jengo kubwa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa 1887.

Wenye watumwa walidai watu wao, na Pwani ilikaribia kuwaka moto. George Mackenzie wa Imperial British East Africa, kampuni ya Kiingereza iliyosimamia Pwani wakati huo, aliamua kuwalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watoro walianza kupewa hati za uhuru, na waliokombolewa katika misheni za Pwani, zikiwemo za Wamethodisti, walikuwa zaidi ya 1,400.

Kwa hiyo katika ibada za mwaka ule waliketi pamoja wenyeji wachache wa Rabai, watu waliolelewa India, na wakulima wenye asili ya Wayao, Wanyasa na makabila mengine ya bara. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Ukichunguza ukoo wa Mkristo wa Rabai, tafuta kwanza ni mlango upi kati ya hiyo mitatu ulioingiza mababu zake, maana kila mmoja una kumbukumbu zake: wenyeji katika masimulizi ya mbari, waliotoka India katika barua za misheni, na watoro katika orodha za hati za 1889.