Gari liko kwenye waranti: sevisi ufanyie wapi?

Kazi yangu ni kukagua madai ya waranti. Injini ikifa kabla ya wakati wake, faili linaletwa mezani kwangu, na kabla sijagusa boliti hata moja naanza na karatasi za sevisi. Kwa hiyo swali ninaloulizwa kuliko yote, "Nikipeleka gari gereji ya mtaani, waranti inakufa?", nalijibu kama mtu anayekaa upande wa pili wa kaunta.

Mara nyingi haifi. Marekani ina sheria ya tangu 1975, Magnuson-Moss, inayomkataza mtengenezaji kuifunga waranti kwa sharti la kutumia gereji au spea za chapa yake, isipokuwa akizitoa bure au akiwa na kibali maalumu. Umoja wa Ulaya ulilegeza soko la sevisi mwaka 2002, na tume ya ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo wa mwelekeo huohuo ulioanza kutumika Julai 2021. Pasipo na ulinzi wa namna hiyo, mwenye kauli ni kijitabu cha waranti kilichokuja na gari. Kisome kwanza, kisha ndiyo usikilize watu, mimi nikiwemo.

Angalia pia waranti uliyo nayo ni ya nani. Ya mtengenezaji ni kitu kimoja. Ile ya nyongeza uliyouziwa siku ya kuchukua gari ni mkataba wa peke yake, pengine na kampuni nyingine kabisa, na masharti yake huwa makali zaidi: nyingine hutaja hata gereji utakayoitumia. Wengi huzichanganya hizi mbili, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Halafu kuna jambo lisilobishaniwa: hitilafu inayofidiwa na waranti hutengenezwa kwa wakala aliyeidhinishwa. Uhuru tunaouzungumzia hapa ni wa sevisi za kawaida.

Sasa njoo tuangalie karatasi mbili, maana hapa ndipo madai mengi yanapookoka au kuzama. Ya kwanza imeandikwa "Sevisi kamili, oili na filta", sahihi, jumla ya pesa. Basi. Ya pili ina tarehe, namba ya chesisi, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, jina la oili na kiwango chake, lita zilizoingia, namba ya filta, na muhuri wa gereji. Gereji zote mbili pengine zimefanya kazi ileile, kwa mikono safi ileile. Lakini ya kwanza haiwezi kunijibu chochote. Sijui hata kama ni ya gari hili.

Kwenye oili watu husoma 5W-30 wakadhani wamemaliza. Hiyo namba inaeleza unene tu. Oili mbili za 5W-30 zinaweza kuwa moja ni ACEA C3 na nyingine ACEA A3/B4 (viwango vya chama cha watengenezaji magari wa Ulaya), na tofauti yake kubwa ni majivu yanayobaki oili ikiungua. Gari la dizeli lenye filta ya masizi kwenye ekzosi linahitaji oili ya majivu machache. Masizi huchomwa na filta yenyewe gari likikimbia vya kutosha. Majivu hayachomeki, yanajikusanya humo hadi filta izibe. Kuna pia injini ambazo mkanda wa taimingi umo ndani ya oili: oili isiyofaa huulainisha mkanda, vipande vinamomonyoka na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Giaboksi za CVT, yaani za otomatiki zisizo na gia za hatua, nazo hazitaki mzaha, zina oili yake, na ile ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki si mbadala. Ndiyo maana nataka kuona kiwango kimeandikwa, wala sijali chupa ilikuwa ya rangi gani.

Spea zisizo na nembo ya mtengenezaji hazinisumbui, mradi zina ubora unaolingana na za asili. Na lazima pawe na uhusiano kati ya kilichofanyika na kilichoharibika. Mota ya dirisha ikiungua, huwezi kumnyima mtu fidia kwa sababu ya filta ya oili. Turbo ikifa kwa kukosa oili, na chini ya kifuniko cha valvu nikakuta tope jeusi zito, hapo karatasi zako ndizo zitakazokusemea.

Kingine kinachoua madai ni muda. Ratiba husema, kwa mfano, kilomita 15,000 au miezi 12, kitakachotangulia. Mwenye gari linalolala nyumbani wiki nzima husubiri kilomita zifike, kumbe mwaka umeshapita. Vumbi jingi, kuvuta tela na safari fupifupi huiweka gari kwenye ratiba ya mazingira magumu, yenye vipindi vifupi zaidi. Nayo imo kwenye kijitabu hichohicho, kurasa ambazo hazifunguliwi na mtu.

Ukichagua gereji ya mtaani, mpigie fundi simu kabla ya kwenda. Mwulize: gari langu linatumia oili ya kiwango gani? Fundi mzuri atakuomba namba ya chesisi kwanza, atafute. Anayekujibu papo hapo "tunaweka ileile ya magari yote", mshukuru ukate simu. Mwulize pia kama anaweza kuingiza sevisi kwenye kumbukumbu ya kidijitali ya mtengenezaji, kwa sababu magari mengi mapya hayana tena kitabu cha kugongewa mihuri. Akishindwa, risiti yenye maelezo kamili inatosha mahali pengi. Itunze pamoja na picha ya dashibodi ya siku hiyo.

Ningekuwa na gari jipya mimi, sevisi zilizolipiwa tayari ningezifanya kwa wakala, na la haibridi au la umeme ningelipeleka hukohuko mpaka waranti iishe. Waranti ya kutu nayo mara nyingi hudai bodi ikaguliwe kwa wakala kila baada ya muda fulani. Magari yakiitwa kurekebishwa kasoro ya kiwandani, nenda, hata kama sevisi zako zote umezifanya mtaani. Kasoro ya usalama kwa kawaida hurekebishwa bure.

Na dai likikataliwa kwa mdomo tu pale kaunta, usiondoke. Omba wakuandikie: kipuri gani kimeharibika, sevisi ipi wanailaumu, na moja imesababishaje lingine. Nimeona madai yakifufuka hapohapo, mtu aliyeambiwa aandike sababu akikosa cha kuandika.