Kolamu ya GC: angalia molekuli zako kwanza, urefu baadaye

Mtu akishindwa kutenganisha vitu viwili kwenye GC (kromatografia ya gesi, ambapo gesi inasukuma sampuli ndani ya bomba jembamba liitwalo kolamu), kitu cha kwanza anachoomba ni kolamu ndefu zaidi. Jamani, ukiongeza urefu mara mbili utengano unapanda kama mara 1.4 tu, halafu joto likiwa lile lile unasubiri mara mbili. Kazi kubwa inafanywa na kile kimiminika kilichopakwa ndani, yaani kinashika nini na kinaachia nini.

Chukua benzini na saikloheksani. Moja inachemka digrii 80.1, nyingine 80.7. Kwenye kolamu ya polidimethilisiloksani, kwa kifupi dimethili, ambayo si polari (haina sehemu zenye chaji kidogo za kuvuta) na inapanga vitu karibu kwa kufuata joto la kuchemka, hivi viwili vinatoka vimebanana. Hamia kwenye poliethilini glaikoli, ile watu wanaita waksi, saikloheksani inapita haraka na benzini inabaki nyuma mbali kabisa, kwa sababu zile elektroni za pete yake zinavutwa na sehemu polari za waksi wakati saikloheksani haina cha kuvutwa. Meta-zailini na para-zailini ni hivyo hivyo, kwenye dimethili zinatoka kama kilele kimoja, yaani mlima mmoja kwenye chati, kwenye waksi zinaachana.

Na hili si jambo jipya. James na Martin, walioanzisha GC ya kimiminika, mwaka 1952, walipotenganisha asidi za mafuta nyepesi, waliichanganya silikoni yao na asidi ya steariki ili zile asidi zisishikane mbilimbili na kuharibu vilele. Yaani tangu mwanzo watu walikuwa wanafikiria kemia ya kimiminika.

Kama sampuli huijui vizuri, mimi naanza na dimethili yenye fenili asilimia 5. Inavumilia joto, haivuji sana (yaani kimiminika chake hakimomonyoki na kutoka na gesi), na vitu vingi vinatoka na sura nzuri. Alkoholi, aldehaidi na asidi huru nazipeleka kwenye waksi, ila waksi ina udhaifu wake, nyingi zinaishia kama digrii 250, na oksijeni ikiingia kolamu ikiwa moto unaiua, kwa hiyo kagua viungio vyako kwanza na weka kichujio cha oksijeni kwenye gesi. Esta za asidi za mafuta za cis na trans (zinazotofautiana kwa mkunjo wa mnyororo tu) zinataka kimiminika cha sianopropili, ambacho ni polari sana, na hapo ndipo nakubali urefu, hata mita 100, maana tofauti ni ndogo mno. Isoma za mkono wa kushoto na kulia, yaani molekuli zilizo kama taswira ya kioo, zenyewe hazitengani bila kimiminika chenye mkono wake, kama saiklodekstrini (pete ya sukari), hata uweke urefu gani.

Unene wa filamu watu wanausahau. Mikromita 0.25 inatosha kwa kazi nyingi, lakini vitu vyepesi vinavyokimbia vinataka filamu nene ya mikromita 1 au zaidi ili vishikwe kidogo, na vizito vinataka nyembamba, la sivyo utavisubiri kwenye joto kali huku kolamu yenyewe inavuja.

Halafu kuna bomba lenyewe. Chuma cha pua ni kigumu na kizuri kwa gesi na haidrokaboni, ila kikiwa moto bila kutibiwa ndani kinavunjavunja steroidi na viuatilifu kadhaa, ndiyo maana kwa kolamu za kujazwa punje ndani, kioo kilipendwa. Silika iliyoyeyushwa, iliyoingia mwaka 1979, ni safi zaidi na inapinda, lakini ganda lake la nje la polyimidi linaanza kuchoka ukipita digrii 350 na kitu, kwa hiyo kwa trigliseridi, mafuta mazito yanayotaka joto kali, unarudi kwenye chuma, safari hii kilichotibiwa. Hata silika ina silanoli zake, vikundi vya OH juu ya uso vinavyonasa besi, ukiona kilele cha amini kinaburuta mkia mrefu wakati haidrokaboni kwenye sampuli hiyo hiyo zimesimama wima, usibadilishe programu ya oveni, tafuta kolamu ambayo silanoli zake zimezimwa kwa ajili ya besi kama amini.