Kuchomeka kadi mashine ikiwa imewaka: nafasi huandaliwa kabla ya mgeni kufika

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuunda na kutunza kompyuta za moduli, zile ambazo kila kazi ina kadi yake na kadi zote hukaa kwenye kasha moja. Karibu kila mteja huniuliza kama kadi inaweza kuchomolewa na nyingine kuchomekwa bila kuzima mashine. Inawezekana, ila si kwa kila mashine. Sloti (tundu la kuchomekea kadi) ya PCI Express, mfumo unaounganisha kadi na kompyuta, kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, kwa sehemu kubwa, haina saketi ya kukata na kurudisha umeme wa sloti hiyo pekee, kwa hiyo naomba mtu asijaribu nyumbani jambo ninalolieleza hapa.

Watu wengi huogopa umeme, na wana sababu. Kadi inapoingia, kapasita zake, yaani vijenzi vinavyohifadhi chaji ya umeme, ni tupu, na kapasita tupu hufyonza umeme kwa pupa. Tuchukue kadi yenye jumla ya maikrofaradi 1000 kwenye njia ya volti 12. Volti hizo zikipandishwa taratibu kwa milisekunde 10, mkondo wa kuzijaza ni ampea 1.2 tu, zikipanda ndani ya maikrosekunde 100, hesabu ileile inadai ampea 120, na kadi za jirani zitaona volti zao zikiporomoka. Dawa yake ni kidhibiti kinachoifungua polepole transista, yaani swichi ya kielektroniki inayopitisha umeme huo, huku kikipima mkondo. Urefu wa pini nao umepangwa kwa makusudi: kwenye PCI Express, pini za kutambua uwepo wa kadi ni fupi kuliko nyingine, hivyo hugusa mwisho kadi inapochomekwa na huachia kwanza inapochomolewa. Kwa upande wa umeme, basi, majibu yapo na yamezoeleka. Mashine nyingi nilizoziona zikikwama zilikuwa salama kabisa kwa umeme. Kilichokosekana ni nafasi ya anwani.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kila kadi huomba eneo la anwani, yaani namba za kuifikia, ili kichakataji kiweze kuzungumza nayo, na nyuma ya kila sloti kuna daraja ambalo hupitisha anwani zilizo ndani ya dirisha lake tu. Madirisha haya hupangwa mashine inapowaka, moja likigusana na lingine, mithili ya viwanja vilivyopimwa bila kuacha njia. Sloti ikiwa tupu wakati huo, programu ya kupanga isiyoona mbele huligawia daraja lake dirisha dogo au isiligawie kabisa. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, inapopanga yenyewe bila maelekezo mengine, huwekea daraja la sloti inayoruhusu kuchomeka mashine ikiwa imewaka akiba ya megabaiti 2. Baadaye fundi anachomeka kadi inayohitaji megabaiti 16: taa inawaka, kadi inatambuliwa, kisha kerneli inaandika kwamba hakuna nafasi, na kadi inakaa pale bila kazi. Kulipanua dirisha kunadai kumhamisha jirani, na jirani yuko kazini, draiva yake, yaani programu inayoiendesha, imeshika anwani zilezile. Namba za basi, yaani za njia za mawasiliano ya kadi, nazo zina ukomo, kwani ziko 256 tu, na kadi yenye swichi ya kugawa njia hizo ndani yake hutaka kadhaa kwa mara moja. Ndiyo maana mimi humuuliza mteja mapema ni kadi ipi kubwa kuliko zote atakayowahi kuichomeka, kisha naweka akiba hiyo tangu mwanzo, kwa mfano kwa kuipa kerneli agizo la pci=hpmemsize=64M.

Kuchomoa kuna utaratibu wake pia. Abiria wa daladala hutoa taarifa, konda akapaza sauti "Shusha!", gari likasimama, ndipo akashuka. Kwenye sloti yenye kitufe, fundi hubonyeza, taa hupepesa kwa sekunde 5 ambazo bado anaweza kubadili uamuzi, kisha draiva huachia kadi na umeme hukatwa. Kwenye CompactPCI, aina ya kompyuta za moduli za viwandani, kuna taa ya buluu inayomwambia fundi kwamba sasa anaweza kuvuta.

Lakini wapo wanaoruka gari likienda. Usiku mmoja kijana aliyekuwa zamu kwa mteja wetu alinipigia simu: "Shikamoo mzee, nimeichomoa ile kadi, ila mashine yote imeganda." Kadi ilikuwa imeharibika kweli, na yeye alidhani kwamba kadi mbovu haihitaji kuagwa. Tatizo tulilikuta kwenye mistari mitatu ya draiva. Ilikuwa inasoma rejista ya hali, yaani sehemu ndogo ya kadi inayoonyesha hali yake, na kusubiri biti ya "nina shughuli" irudi kuwa sifuri. Kadi isipokuwepo, ombi la kusoma halijibiwi, na kompyuta nyingi humrudishia msomaji biti zote zikiwa moja, yaani 0xFFFFFFFF. Kwa hiyo biti ile ilisomeka moja milele, na draiva ikaendelea kuzunguka ikiwa imeshikilia kufuli la programu, yaani ruhusa inayoshikwa na mmoja kwa wakati, ambalo draiva nyingine zilikuwa zinalisubiri. Kijana hakustahili lawama. Draiva ndiyo iliyoandikwa kana kwamba kadi haitaondoka kamwe.

Tangu siku hiyo, kila kitanzi cha kusubiri katika msimbo wetu kina kikomo cha muda, na thamani ya biti zote moja huchukuliwa kuwa dalili ya kadi iliyoondoka hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa kusoma namba ya mtengenezaji, ambayo kwa kadi iliyopo haiwezi kuwa 0xFFFF. Kabla ya kukabidhi mashine, ninaichomoa kila kadi kwa mkono ikiwa katikati ya kazi, bila kitufe na bila taarifa, kisha nairudisha na kuangalia kama imepata anwani zake zote.